Ugonjwa wa ateri za miguu kwa mwenye kisukari

Ni hali ya ateri zinazopeleka damu miguuni kuziba polepole. Lehemu hujijenga kwenye kuta za ndani, njia ya damu inabana, na msuli ukifanya kazi haupati damu ya kuutosha. Dalili yake inayojulikana zaidi ni maumivu ya shavu la mguu ukitembea: unasimama, yanaisha baada ya dakika chache, ukiondoka tena, yanarudi.

Kwa mwenye kisukari dalili hiyo inaweza isionekane kabisa. Sukari iliyokaa juu miaka mingi huharibu pia neva za miguu, ikaleta ganzi, na maumivu ambayo yangemshtua mtu hayasikiki. Tena kwake ateri zinazoathirika zaidi ni zile za chini ya goti. Ndiyo maana wengine hugundulika wakiwa tayari na kidonda. Kimeanza na kokoto ndani ya kiatu au kucha iliyokatwa vibaya, wiki zimepita, hakifungi, kwa kuwa damu ya kukiponya haifiki. Hapo ndipo habari za kukatwa mguu huanzia.

Nani yuko hatarini zaidi? Mvuta sigara kwanza, na kwa mbali. Kisha umri, miaka aliyoishi na kisukari, presha, lehemu nyingi na figo zilizochoka. Sukari yenyewe ina uzito wake: utafiti mkubwa wa Uingereza kuhusu kisukari cha aina ya 2 ulionyesha kuwa HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita) ikipanda kwa pointi 1 ya asilimia, hatari ya ugonjwa huu huongezeka kwa takriban asilimia 28.

Kipimo chake hakina makuu. Unalala chali, unapimwa presha mikononi na kwenye vifundo vya miguu, kisha ya kifundo inagawanywa kwa ya mkono. Mkono ukiwa 140 na kifundo 105, jibu ni 0.75, chini ya 0.90 ni ugonjwa. Ila kisukari kina hila yake hapa pia. Ateri zikijaa chokaa hugoma kubanwa na mashine, jibu likapanda hata kupita 1.40, au likaonekana zuri tu. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

Kinachonikera ni kwamba mtu anaweza kuhudhuria kliniki mwaka mzima, akapimwa sukari na presha ya mkono, na viatu asivuliwe hata mara moja. Vua mwenyewe, omba miguu ikaguliwe.

Matibabu ni kuacha sigara, dawa za lehemu, presha na sukari, aspirini au klopidogreli ya kuzuia damu isigande, kwa ushauri wa daktari, na mazoezi ya kutembea kama hakuna kidonda. Ateri iliyoziba sana huzibuliwa au huwekewa njia ya pembeni. Lakini mguu unaouma usiku hadi uuning'inize kitandani, kidole kinachogeuka cheusi, au mguu uliopoa ghafla, hivyo ni vya kwenda hospitali siku hiyohiyo.