Je, wajua kwa nini mkahawa usiouza nyama huandika "kuku" na "samaki" kwenye menyu?

Mkahawa wenye kibao cha CHAY, neno la Kivietnam la chakula kisicho na nyama, katika Jiji la Ho Chi Minh, ambalo wakazi wengi bado huliita Saigon, haupiki nyama wala samaki. Lakini fungua menyu yake: kuku wa mchaichai, samaki wa chungu, nguruwe wa kuchoma, hata kamba. Mgeni aliyeacha nyama kwa kuwahurumia wanyama huenda akakunja uso. Kama mtu ameiacha, ya nini kuiigiza?

Ni kwamba wengi wa wateja hawajaiacha. Wanaipumzisha tu.

Ubuddha wa tawi la Mahayana, ulioota mizizi Vietnam kwa njia ya China, huwakataza watawa wake nyama moja kwa moja. Muumini wa kawaida habanwi kiasi hicho. Yeye hujizuia siku maalumu za mwezi mwandamo, hasa tarehe mosi na tarehe 15 mwezi unapopevuka. Wapo wanaoongeza zikafika nne, sita au kumi. Wafuasi wa Cao Dai, dini iliyoanzishwa kusini mwa Vietnam mwaka 1926 na yenye makao yake makuu Tay Ninh, nao wana siku zao za kila mwezi. Ndiyo maana mkahawa uliokuwa na meza tupu jana, leo watu wanasubiri mlangoni. Ikifika tarehe 15 ya mwezi mwandamo wa saba, sikukuu ya Vu Lan ya kuwaenzi wazazi na waliotangulia, hata wachuuzi wa mtaani ambao kwa kawaida huuza supu ya nyama hubadilisha sufuria.

Sasa mfikirie mteja huyo. Jana alikula samaki, na kesho atakula tena. Leo anataka chakula kilekile alichokizoea, ila kisichovunja nadhiri. Na familia inayoandaa karamu ya kumkumbuka marehemu bila nyama haitaki wageni waone sinia la majani. Uigizaji huu, basi, ni kwa ajili ya mlei kuliko mtawa, na wala si mzaha wa juzi: huko China, mikahawa ya mijini ilikuwa ikiuza nyama za kuigiza tangu zama za nasaba ya Song (960–1279).

Ufundi wenyewe unapendeza kuutazama. Mpishi hukanda unga wa ngano na maji, akaliacha donge litulie, kisha akaliosha kwenye beseni huku akilikamua. Maji huwa meupe kama maziwa kwa sababu wanga unatoka. Hubadilisha maji mara kadhaa hadi yanapokaribia kuwa safi, na mkononi hubaki kitu cha kijivu kinachovutika: protini ya ngano. Kikichemshwa kisha kukaangwa, huchanika kwa nyuzinyuzi, na huyo ndiye "nguruwe" wako. "Kuku" mara nyingi hutokana na soya. Maziwa ya soya yakipashwa moto taratibu hufanya utando juu. Utando huo huopolewa, hukunjwa tabaka juu ya tabaka na kufungwa kwa nguvu. "Samaki" huwa tofu au utando uleule, na ngozi yake ni karatasi ya mwani. Fenesi changa na ua la mgomba hazihitaji ujanja wowote. Kwangu mimi ndizo tamu kuliko hizo za kuigiza.

Kazi ngumu zaidi ni ladha. Pho, supu ya tambi ya Kivietnam, kwa kawaida hutegemea mifupa iliyochemka kwa saa nyingi. Jikoni hapa huingia figili nyeupe, karoti na mahindi kwa utamu, halafu tangawizi iliyobabuliwa motoni, mdalasini na karafuu kwa harufu. Uzito wa supu huletwa na uyoga mkavu wa shiitake. Mwaka 1908 mkemia Mjapani Kikunae Ikeda aligundua kwamba utamu wa mchuzi wa mwani unatokana na glutamati, kikoleza ladha cha asili. Uyoga wa shiitake una kikoleza kingine, guanilati, na viwili hivyo vikikutana kila kimoja hukuza kingine, hata ulimi ukadhani kuna mfupa. Na tusijidanganye: mikahawa mingi huongeza pia kijiko cha glutamati ya dukani.

Mchuzi wa samaki wa kuchovyea, ambao Mvietnam hakosi mezani, hubadilishwa kwa mchuzi wa soya au maji ya chumvi yenye sukari, ndimu, pilipili na nanasi.

Jambo linalowashangaza wageni ni kukosekana kwa kitunguu saumu. Katika desturi hii ya Kibuddha, mboga za jamii ya vitunguu nazo ni mwiko, kwa imani kwamba huchochea tamaa na hasira. Mikahawa iliyo mikali huifuata. Mingine hulegeza na kutumia liki, ingawa nayo ni ya jamii hiyo.

Kama ngano inakudhuru, uliza kabla ya kuagiza, maana hiyo "nyama" inaweza kuwa ngano tupu. Asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama aulizie mayai, kwa kuwa baadhi ya mikahawa huyakubali. Aulizie na kahawa pia: ya Saigon huja na maziwa mazito ya kopo, isipokuwa ukiomba ya nazi au ukainywa nyeusi.