Akili mnemba kwenye ofisi za kupangisha: tunavyoamini na ukweli ulivyo

Jamani wenye fremu, madalali na mnaosimamia majengo ya watu hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa, Soweto mpaka Uyole, tuongee kidogo maana kila mtu sasa anataka akili mnemba (AI, programu za kompyuta zinazojibu na kuandika kama mtu) ofisini na mengi yanayosemwa sio kweli.

Dhana: tununue programu kwanza, mengine yatajiseti yenyewe.

Hii ndo inaniuma kuliko zote kwa sababu nimeiona kwa macho yangu. Ofisi moja niliyokuwa nawasaidia walikuwa na kauntabuku, meseji za miamala kwenye simu ya bosi na mikataba kwenye bahasha juu ya kabati, sasa mpangaji mmoja kwenye daftari ni "Mama Neema", kwenye muamala linatokea jina la mumewe, kwenye mkataba ni "Fremu 7", wakaipa mashine vyote hivyo ikahesabu watu watatu. Kibaya zaidi kuna mpangaji kodi yake 300,000 kwa mwezi, anakata humo 10% kama kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali ambayo mpangaji anaizuia kwenye hela ya pango, anapeleka TRA kama inavyotakiwa, ofisini analeta 270,000. Daftari lilikuwa na safu ya hela iliyoingia tu, ya zuio haipo, basi programu ikamuweka mdaiwa miezi sita mfululizo, akapelekewa barua anadaiwa 180,000 wakati hadaiwi hata senti. Mashine haikukosea hesabu, ilikuwa haijaambiwa. Kwa hiyo kabla hujalipia chochote kaeni chini hata wiki tatu, kila fremu ipate namba moja tu, jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, mkataba unaanza lini unaisha lini, kodi kamili, zuio, iliyoingia. Inachosha kweli ila kazi yenyewe ndo hiyo.

Dhana: haya ni mambo ya makampuni makubwa ya Dar.

Hapana. Mwenye fremu 20 anaweza kuanza na kazi moja tu, mfano kukumbushwa mikataba inayokaribia kuisha.

Dhana: ikijibu kwa kujiamini basi ni kweli.

Hizi programu zinapanga maneno yanayoelekea kufuatana, zinaweza zikakutungia hata kifungu cha sheria, na zingine zimejifunza vitu vya zamani. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, lakini ukiiuliza inaweza ikakuelekeza utaratibu wa zamani kwa Kiswahili kizuri kabisa. Barua yoyote ya kwenda kwa mpangaji isomwe na mtu kwanza.

Dhana: kupiga picha mkataba na kuuweka kwenye programu ya bure hakuna shida.

Shida ipo. Mle kuna namba ya NIDA na simu ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilishaanza kutumika toka Mei 1, 2023. Toa majina, namba ya NIDA na ya simu, bakiza namba ya fremu tu.

Dhana: mtunza jengo hatahitajika tena.

Mpangaji anatuma sauti ya dakika mbili, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa, bati linavuja juu ya friza, programu inashika maneno mawili matatu, ila mtunza jengo anajua ni bati gani maana alilipiga misumari mwenyewe mvua za mwaka jana. Mafunzo ya hizi programu yakija, huyo aitwe wa kwanza, kabla hata ya bosi.