Usaili wa madevelopa: weka kazi yenyewe mezani

Matangazo mengi ya kazi za programu hapa Arusha yanaanza na "uzoefu usiopungua miaka mitano". Wenye kampuni wakiniita niwasaidie kuajiri, nawaomba wafute hiyo sentensi kwanza. Mwaka 2022 mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za miaka mingi kuhusu uajiri. Kilichotabiri vizuri zaidi nani ataiweza kazi ni usaili wenye mpangilio: maswali yale yale kwa kila mwombaji, na vigezo vya alama vilivyoandikwa kabla. Miaka ya uzoefu ilikuwa karibu na mkia. Halafu sharti hilo linamfungia nje kijana aliyemaliza juzi kozi ya kompyuta Chuo cha Uhasibu pale Njiro.

Mafumbo nayo, kama mipira mingapi ya gofu inajaa ndani ya ndege, hata Google waliyaacha. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wao wa rasilimali watu, alisema wazi mwaka 2013 kwamba hayatabiri chochote.

Mimi natumia zoezi moja. Ni programu ndogo ya kupokea wageni wa safari, na ina kasoro. Mgeni anatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, saa 7:30 usiku, tarehe 5 Julai ikiwa imeanza saa moja na nusu tu iliyopita. Mfumo unahifadhi muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo huko bado ni tarehe 4. Ripoti ya dereva inachukua tarehe ya UTC lakini saa inaonyesha ya kwetu. Dereva anakwenda uwanjani siku nzima kabla ya mgeni.

Mwombaji anapewa saa moja na nusu, laptopu yake, na ruhusa ya kutafuta chochote mtandaoni. Simtazami kama amemaliza. Natazama anaanzia wapi. Wapo wanaoanza kubadilisha msimbo papo hapo wakibahatisha. Wapo wanaouliza kwanza, "Hii ripoti anaisoma nani?" Hao wa pili ndio nawatafuta, hata wakiishia njiani.

Wasaili wawe wawili au watatu, na kila mmoja aandike alama zake kabla hawajafungua mdomo. Bosi akitangulia kusema "huyu dogo mkali", wengine wote watamwona mkali.

Na maswali ya "umeolewa?" au "una mpango wa kuzaa karibuni?" yaacheni kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa hali ya ndoa na ujauzito, na inamlinda hata anayeomba kazi.

Kama zoezi ni la kufanyia nyumbani, lisizidi saa mbili, na mtumie hela ya bando. Mkitaka kipande mtakachokitumia kweli kwenye mfumo wenu, hiyo ni kazi, mlipeni.