Eti maneno ni asilimia 7 tu ya usaili?
Hapa Moshi, mtu akiacha kuongoza wapagazi mlimani na kuomba kazi ya stoo, huambiwa: kwenye usaili maneno yako ni asilimia 7 tu, sauti 38, mwili 55. Basi usiku kucha anahangaikia tai na viatu.

Hesabu hiyo inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian, Marekani, mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno moja moja kwa sauti tofauti, wengine wakaonyeshwa na picha za nyuso, wakakisia kama msemaji anampenda mwenzake au la. Usaili haukuwamo. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba inahusu mambo ya hisia tu.

Kuvaa nadhifu ni heshima, vaa. Ila anayebadili kazi ndiye mwenye kuhitaji maneno kuliko wote, maana wasifu wake haumsemei. Ukiulizwa stoo utaiwezaje, jibu: "Pale geti la Machame nilikuwa napima mizigo, mpagazi asizidi kilo 20, naandika kila kitu, na chakula cha siku saba hakikuwahi kupungua njiani." Hapo wasaili wameshaanza kukuona stoo.