Je, wajua? Jinsi wati 5 zinavyovuka bahari kwenye mashindano ya Morse

Mwishoni mwa Novemba kila mwaka hufanyika mashindano ya CQ World Wide ya msimbo wa Morse. Huanza Jumamosi saa 9 usiku kwa saa za Afrika Mashariki na kuendelea kwa saa 48. Humo wapo wanaredio wa ridhaa wanaorusha mawimbi kwa wati zisizozidi 5, na wanajibiwa kutoka mabara mengine.

Wengi hudhani kwamba nguvu ikipungua mara 20, kutoka wati 100 hadi 5, umbali nao hupungua mara 20. Sivyo. Mawimbi ya masafa mafupi hurudishwa ardhini na ionosfera, tabaka lililo juu angani, nalo halibagui mnyonge na mwenye nguvu. Kinachobadilika ni ukali wa sauti kwa anayepokea. Kipimo cha redio kina ngazi 9, na kila ngazi ni tofauti ya nguvu mara 4. Kwa hiyo mara 20 ni ngazi 2 na ushei tu, ingawa vipimo vya redio nyingi haviko sahihi kiasi hicho. Aliyesikika ngazi ya 7 sasa anasikika karibu ya 5, na hapo anasomeka vizuri kabisa.

Siri kubwa zaidi ni wembamba. Fikiria mlango unaotazama soko la Kariakoo. Ukiufungua wote, kelele zote zinaingia. Ukiacha upenyo tu, kelele hupungua kadiri upenyo ulivyo mdogo. Anayeweza kupita kwenye upenyo huo hapotezi kitu. Mlango huo kwenye redio ni kichujio, na upana wake hupimwa kwa hezi, yaani mitetemo kwa sekunde. Sauti ya mtu hewani huhitaji mlango wa hezi 2,400 hivi. Nukta na mistari ya Morse hupita kwenye hezi 250, hata chini ya hapo. Kelele hubaki moja ya kumi, na nguvu yote ya zile wati 5 imeingia. Sikio lililozoea huchuja zaidi ya kichujio chenyewe.

Nguvu ina kazi yake, hasa kwenye hezi milioni 1.8, ambako radi za tropiki hunguruma usiku kucha na wati 5 huzama.

Ujumbe nao ni mfupi: 599, yaani “nakusikia vizuri”, na namba ya kanda ya dunia aliko mtumaji, ambayo kwa Kenya na Tanzania ni 37. Hata hizo 9 hutumwa kama N, yaani mstari na nukta badala ya mistari minne na nukta.

Jumapili jioni ndiyo saa ya mnyonge. Kituo huhesabiwa mara moja tu kwa kila bendi, yaani kila kundi la masafa, hivyo vituo vikubwa huwa vimeishiwa watu wapya wa kuwasiliana nao na huanza kutega sikio kwa walio hafifu. Akisikia kipande tu cha kitambulisho, mwenye kituo hutuma “5H?”, mwanzo wa vitambulisho vya Tanzania, wengine wananyamaza, na Mtanzania mwenye wati 5 anarudia kitambulisho chake mara mbili, polepole.