Kiumbe Anayekuhitaji: Wanyama na Tiba ya Afya ya Akili

Mgonjwa wangu mmoja, mzee mstaafu aliyefiwa na mkewe, alikuwa amekaa miezi mitano bila kutoka nyumbani ila siku za kliniki, na hata siku hizo alikuwa akiletwa na binti yake. Dawa alizoandikiwa alikuwa akizinywa, na maswali yangu aliyajibu kwa adabu, lakini kila nilipomwuliza ameamka saa ngapi jibu lilikuwa lilelile: sikuona sababu ya kuamka. Kisha siku moja akanieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba wiki hiyo alikuwa akiamka saa kumi na mbili kasorobo. Binti alikuwa amesafiri na kumwachia mbwa wake, na mbwa yule alikuwa na mazoea ya kukwaruza mlango wa chumba alfajiri, kwanza kwa ukucha mmoja polepole, halafu kwa miguu yote miwili ya mbele, mpaka afunguliwe. "Daktari," mzee aliniambia, "yule hajui kwamba mimi naumwa."

Kauli hiyo sijaisahau, kwa sababu naiona kuwa inaeleza namna wanyama wanavyosaidia afya ya akili kuliko mengi ninayoyasoma. Mimi ni mwanasaikolojia, na kazi yangu ya kila siku ni kukaa na watu wenye sonona, wasiwasi uliokithiri na kiwewe. (Visa ninavyovitaja humu nimevibadilisha kiasi, ili mtu yeyote asitambulike.) Wengi huniuliza iwapo kufuga paka au mbwa kutawaondolea msongo wa mawazo, na karibu kila anayeuliza huwa tayari ana maelezo yake: mnyama humpenda mtu bila masharti, na mapenzi hayo ndiyo yanayoponya. Sikatai kwamba mapenzi yapo. Hata hivyo, kwa wagonjwa niliowaona wakipata nafuu kwa njia hii, kilichowasaidia zaidi hakikuwa kupendwa bali kuhitajika.

Nianze na mwili, kwa kuwa huko vipimo ni rahisi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington State, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi 249. Wale waliopewa dakika 10 za kuwapapasa paka na mbwa walipimwa mate, wakakutwa na kiwango cha chini cha kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga tunapokuwa na msongo, kuliko wenzao waliotazama tu, walioonyeshwa picha za wanyama, au waliokuwa wakisubiri zamu yao. Miaka minne kabla ya hapo, Miho Nagasawa na wenzake nchini Japani walikuwa wameonyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana machoni kwa muda mrefu, oksitosini, homoni ileile inayohusika na mshikamano wa mama na mtoto mchanga, hupanda kwa wote wawili. Mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hali hiyo.

Jaribio ninalolitaja mara nyingi zaidi kwa wanafunzi wangu, hata hivyo, ni dogo na lilichapishwa mwaka 2003 na watafiti wa Israeli. Walioshiriki waliwekwa mbele ya buibui mkubwa na kuambiwa kwamba huenda wakatakiwa kumshika, jambo ambalo lingemtia hofu mtu yeyote. Kisha baadhi yao wakapewa sungura hai wa kupapasa, wengine kobe hai, na wengine sungura na kobe wa bandia. Wasiwasi ulipungua kwa waliompapasa sungura, na ukapungua vilevile kwa waliompapasa kobe, lakini wale waliopewa vitu vya bandia hawakupata faida hiyo. Gamba la kobe ni gumu na la baridi, wala halina manyoya ya kuliwaza mkono. Kwa hiyo ulaini si hoja; hoja ni kwamba chini ya mkono wako pana kiumbe anayeishi, anayepumua na anayejibu mguso wako kwa namna yake.

Jambo la pili ni macho ya watu. Mwaka 1991 Karen Allen na wenzake waliwapa wanawake hesabu za kutoa kwa kichwa, harakaharaka, na kupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu na jasho la ngozi. Wengine walifanya hesabu hizo wakiwa na rafiki yao wa karibu, wengine wakiwa na mbwa wao. Walio na rafiki mwili ulishtuka zaidi, na walio na mbwa walitulia. Rafiki alikuwa na nia njema kabisa, lakini rafiki anajua jibu likiwa si sahihi, na wewe unajua kwamba anajua. Anayeishi na ugonjwa wa akili yumo katika mtihani wa namna hiyo asubuhi hadi jioni: anatazamwa kama amekula, kama amelia, kama sauti yake leo ni ya kawaida. Watu wanaomtazama ni wale wanaompenda, na ndiyo maana hawezi hata kuwalalamikia. Mnyama hamwulizi chochote katika hayo.

Hili ndilo alilolikuta Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto nchini Marekani, kwa bahati tu. Mtoto aliyekuwa mgumu kumfikia aliletwa kabla ya saa yake, wakati Jingles, mbwa wa Levinson, yumo ofisini. Mtoto na mbwa wakaanza kucheza, na kupitia kwa mbwa huyo Levinson akapata nafasi ya kuingia katika mazungumzo na mtoto. Levinson aliandika habari hiyo mwaka 1962, akimwita mbwa msaidizi katika tiba, na baadhi ya wanataaluma wenzake walimcheka. Leo kazi yake ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa taaluma hii.

Wazo lenyewe, hata hivyo, lilikuwa na umri mkubwa kuliko Levinson. Mwaka 1796, wakati ambapo katika nyumba nyingi za wagonjwa wa akili watu walifungwa minyororo, William Tuke na jumuiya yake ya Waquaker walifungua makazi yaliyoitwa Retreat mjini York, Uingereza. Katika nyua zake waliwekwa sungura, kuku na ndege wengine. Mjukuu wake, Samuel Tuke, aliandika mwaka 1813 kwamba viumbe hao waliamsha kwa wagonjwa hisia za kijamii na za huruma. Naomba msomaji aliangalie jambo hilo vizuri. Mtu ambaye jamii ilikuwa imemhesabu kuwa hafai kwa lolote aliwekwa mahali ambapo kiumbe mdogo kuliko yeye angeweza kumtegemea.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye kuhitajika. Sonona humnyang'anya mtu hamu kabla ya kumnyang'anya nguvu, na mgonjwa huishi akingoja hamu irudi ndipo aanze kutenda. Sehemu kubwa ya tiba yetu ya mazungumzo ni kuugeuza mpangilio huo: tunamwomba atende kwanza, jambo dogo, kwa saa maalumu, iwe anataka au hataki, kwa sababu mara nyingi hamu huja nyuma ya kitendo. Nimetumia saa nyingi sana kuandika ratiba za namna hiyo pamoja na wagonjwa, na nakiri kwamba nyingi zilibaki kwenye karatasi. Karatasi haikwaruzi mlango. Tena familia, kwa upole wake wote, humwondolea mgonjwa kila jukumu: usipike, usifue, pumzika tu. Baada ya miezi michache anakuwa mtu anayepokea kila kitu na asiyeombwa chochote, na hilo humthibitishia lile ambalo ugonjwa umekuwa ukimnong'oneza, kwamba angeondoka pasingeharibika kitu. Bakuli tupu la maji la mbwa humpa habari tofauti.

Ushahidi unaonishawishi zaidi kwa upande huu unatoka kwa nyenje. Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini walieleza jinsi walivyowapa wazee nyenje wa kufuga kwa wiki 8, huku wazee wengine wakipewa ushauri wa afya peke yake. Waliofuga nyenje walionyesha dalili chache zaidi za sonona. Nafuu yenyewe ilikuwa ndogo, na sitaki kuikuza. Lakini nyenje hamlambi mtu mkono, hamkimbilii mlangoni, wala hamtazami machoni hata oksitosini ipande. Anachohitaji ni kulishwa, kuwekewa maji na kusafishiwa kizimba. Kama hata yeye anaweza kumpunguzia mtu huzuni, basi sehemu fulani ya dawa imo katika kulisha kwenyewe.

Ipo pia njia ambayo mnyama humrudisha mtu kwa watu. Anayetembea na mbwa husalimiwa zaidi ya anayetembea peke yake, na mazungumzo huanzia kwa mbwa, kwa hiyo mwenye wasiwasi hahitaji kujieleza. Kwa watoto wenye usonji jambo hili limechunguzwa vizuri: Marguerite O'Haire na wenzake waliripoti mwaka 2013 kwamba watoto hao, wakiwa darasani na simbilisi, walizungumza zaidi, walitazama nyuso za wenzao zaidi na kutabasamu zaidi kuliko walipokuwa na vitu vya kuchezea. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa na binti wa miaka tisa ambaye kwa majuma mengi alinijibu kwa kichwa tu. Tulipomleta sungura, alimwekea mkono mgongoni, akakaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia, si mimi: "Na wewe moyo wako unakwenda mbio." Sikusema neno. Nilisogeza kiti changu nyuma kidogo, nao wakaendelea.

Sasa niseme yasiyosemwa sana. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 92 waliolazwa kwa maradhi ya moyo. Baada ya mwaka mmoja, kati ya 53 waliokuwa na wanyama nyumbani walikuwa wamefariki 3, na kati ya 39 wasio na wanyama walikuwa wamefariki 11. Takwimu hizo zimezunguka dunia nzima kana kwamba ni hukumu ya mwisho, lakini hakuna aliyewagawa watu wale kwa kura. Huenda anayeweza kufuga mbwa tayari ana afya, nafasi na kipato zaidi ya asiyeweza. Tafiti za baadaye zimetoa majibu yanayopingana, na mwanasaikolojia Hal Herzog amekuwa akitukumbusha kwa miaka mingi kwamba tunaopenda wanyama huwa tunatamani mno matokeo yawe mazuri. Utafiti wa mwaka 2018 juu ya maveterani wa Marekani 141 wenye kiwewe cha vita ulionyesha kwamba waliokuwa na mbwa wa huduma, yaani mbwa waliofunzwa kumsaidia mgonjwa, walikuwa na dalili chache kuliko waliokuwa wakisubiri kupewa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kwa wastani ugonjwa wenyewe haukuwatoka. Kuhusu kuogelea na pomboo, kunakouzwa kwa gharama kubwa kama tiba, ushahidi wa kuaminika haupo, na pomboo wafungwao huteseka. Sikumshauri mgonjwa hata mmoja aende huko na sitamshauri.

Nami nimekosea. Zamani, nikiwa na shauku kubwa kuliko busara, nilimleta mbwa mpole kwenye kikao cha kikundi bila kumwuliza kila mmoja kwanza. Mama mmoja aliyeng'atwa utotoni alikaa saa nzima ameinua miguu juu ya kiti, akitabasamu kwa adabu, na hakurudi tena. Tangu siku hiyo nauliza kabla: je, umewahi kuishi na mnyama, na ilikuwaje? Una mzio? Nani atamlisha siku ambayo hutaweza kuinuka? Utamudu matibabu yake? Mtu ambaye sonona imemlemea kiasi cha kushindwa kujilisha mwenyewe hapaswi kukabidhiwa uhai wa kiumbe mwingine, kwani mnyama akidhoofika mikononi mwake hatia itamzidishia ugonjwa. Kwa huyo napendekeza aazime kwanza: amtembeze mbwa wa ndugu mara mbili kwa wiki, au awapatie ndege maji dirishani. Dawa na vikao vinaendelea kama kawaida. Na mbwa yeyote awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, kwa maana karibu maambukizi yote ya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa.

Mnyama naye ana haki ya kuchoka. Mbwa anayepiga miayo bila usingizi, anayejilamba midomo, anayegeuza uso au kukunja mkia anasema imetosha, na paka husema hivyo kwa kuupigapiga mkia sakafuni. Katika chumba changu mlango huachwa wazi kidogo upande wa mnyama. Akitoka simrudishi, na namweleza mgonjwa sababu. Wapo waliojifunza hapo, kwa mara ya kwanza, kwamba mtu anaweza kuondoka kwa kuchoka bila kuwa amekuchukia.

Linabaki suala la kifo, kwa kuwa wanyama wengi tunaowafuga hawaishi muda mrefu kama sisi. Msiba huo huwa wa kweli, na mfiwa huona haya kuusema kwa hofu ya kuambiwa alikuwa mbwa tu. Mimi huutendea kama msiba mwingine wowote. Simhimizi mtu kutafuta mnyama mwingine haraka. Ninachomwomba ni kuilinda ile saa, yaani aamke wakati uleule na apite njia ileile, kwa kuwa wapo watu njiani waliokwisha kumzoea.

Mbwa wa yule mzee, ambaye binti alirudi safari akaamua kumwacha palepale, alikufa miaka mitatu baadaye. Nilipata habari hizo kwa mzee mwenyewe. Alikuja kliniki asubuhi na mapema, siku ambayo hakuwa na miadi, kwa miguu, na hakuwa ameletwa na mtu.