Je, wajua kwa nini tangazo la kifo redioni hutaja walio hai kuliko marehemu?

Aliyekulia karibu na redio nchini Tanzania anaujua mtiririko huu bila kufundishwa. Bwana Fulani wa Sinza, Dar es Salaam, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana katika Hospitali ya Muhimbili. Mazishi yatafanyika keshokutwa Kibosho, Moshi. Kisha safari inaanza: habari ziwafikie kaka wa marehemu aliyeko Mwanza, mjomba wa Tabora, mwalimu Fulani wa Songea, shangazi popote alipo, wakwe, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki wote. Marehemu kapata sentensi mbili, walio hai wamejaza dakika nzima. Kwa nini?

Jibu linalowajia wengi ni sifa. Familia inajionyesha: tazameni tulivyo wengi, tuna mwalimu, tuna mtu Mwanza. Dhana hii haikutoka hewani. Kwenye magazeti ya Nairobi, tangazo la kifo huwa na picha, vyeo, na watoto walioko Marekani pamoja na sehemu wanazofanya kazi. Hapo fahari ipo, hata kama si yote. Lakini gazeti na redio hazifanyi kazi moja. Gazeti humzungushia marehemu majina: mume wa fulani, baba wa fulani, babu wa fulani. Yanamweleza yeye ni nani. Redio inasema “habari ziwafikie”. Majina yake ni anwani.

Sikiliza tena kwa sikio hilo uone. Jina hufuatwa na mahali: Tabora, Songea, Kigoma. Cheo kikitajwa, mara nyingi ni kwa kuwa huko aliko watu wanamjua kwa hicho. Ukimtaja bila “mwalimu” hakuna atakayemtambua. Na shangazi wa “popote alipo”? Mwenye kujisifu hatangazi nchi nzima kwamba hajui shangazi yake anaishi wapi. Jirani wa nyumba ya pili naye hatajwi, ingawa ndiye aliyeanza kupanga viti. Yupo msibani tayari, kwa hiyo haitafutwi anwani yake. Kuna familia zinazopenyeza jina la mkubwa fulani kwa heshima tu, hilo halikataliki, lakini orodha haikuanzia huko.

Ilianzia kwenye umbali. Redio ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1951, na kuanzia 1965 ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Simu za mkononi zilikuja miaka ya 1990. Katikati hapo, barua ilifikia sanduku la posta la shule au la kanisa na kungoja mtu aende mjini. Msiba haungoji posta.

Sasa, redio inampataje mtu mmoja kati ya mamilioni, tena ambaye huenda hana redio? Fikiria umefika stendi ya mabasi iliyofurika, unamtafuta mgeni ambaye hukumbuki hata sura yake. Unapaza sauti ukiita jina lake. Yeye yuko mbali, kelele za wapiga debe zimemziba masikio, hasikii. Anayesikia ni aliyekaa naye kwenye benchi, anayemgusa bega: wewe si unaitwa? Kumbe hukuwa unamwita yeye tu, ulikuwa unamwita kila anayemjua. Ndiyo maana jina tupu halitoshi, lazima liwe na mahali, ili wa Songea ajue linamhusu mtu wa kwao. Na ndiyo maana matangazo haya yalizoea kumalizia na ombi: atakayesikia amwarifu mwenzake. Asiye na uhusiano wowote na msiba anapewa kazi, na anaifanya, hata kwa kutembea jioni hadi kitongoji cha pili.

Orodha ikishakuwa anwani, kusahauliwa kunauma. Asiyetajwa anaweza kuuliza kama bado ni wa ukoo. Sentensi ya mahali pa mazishi nayo ni nzito, maana anayetangaza kaburi litakuwa wapi anadai pia kwamba ana haki ya kuamua. Kenya iliona uzito wa swali hilo wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986: mjane wake na ukoo wake wa Umira Kager walishindana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, ukoo ukashinda, na alizikwa kwao Nyalgunga, Siaya, Mei 1987.

WhatsApp imerahisisha mengi, ila hufika kwanza kwa wenye namba zinazojulikana, na shangazi wa “popote alipo” hayumo kwenye kundi. Ina kioja kingine pia. “Kesho” ya redioni hufa ikishasomwa. “Kesho” ya WhatsApp huzunguka. Ujumbe wa Unguja unaosema maziko ni leo baada ya sala ya Alasiri unaweza kufika Muscat siku ya tatu, ukiwa bado unasema leo, na mtu akapiga simu kuuliza kama jeneza limeshatoka. Wanaojua huandika siku na tarehe, kisha ndipo saa.